Mkono wa Pole wa Mian Sahib

Kijijini Kot Barkhurdar hawampimi mtu kwa alichojenga. Wanampima kwa matanga aliyokaa. Akifa mtu, mazulia hutandikwa nje ya nyumba na wanaume hukaa siku tatu, na kila anayefika husema tuombe dua. Mikono inainuliwa, inapanguswa usoni, kisha chai inaletwa. Aliyefika anakumbukwa. Asiyefika anakumbukwa zaidi. Ziko familia mbili pale ambazo hata maziwa haziuziani, kwa sababu babu wa moja alikuwa mnadani akitazama nyati wa maziwa siku babu wa nyingine alipozikwa.

Katika mahali kama hapo, Khushi Muhammad alikuwa mtu wa lazima. Jina lake maana yake ni furaha, lakini mkate wake mwingi aliupata kwa wafu. Alikuwa akikodisha mahema, mazulia, vitanda vya kamba na yale masufuria makubwa ambayo mtoto anaweza kujificha ndani yake. Harusi zina msimu wake, alikuwa akisema, lakini kifo hakina. Na kwa kuwa mahema yalikuwa yake, alikuwa wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka, na dua aliitikia kwa moyo, kwa sababu marehemu karibu wote aliwajua.

Uenyekiti wa baraza la kata aliupata kama mtu anavyopata mafua. Koo mbili kubwa za kijiji ziligombea kiti kile, kila upande ukiapa kwamba ni heri akikalie mbwa kuliko mtu wa upande wa pili. Mwishowe wakakubaliana juu ya mtu asiye na ukoo wa maana ambaye pande zote zimekula pilau iliyopikwa katika masufuria yake. Khushi Muhammad alikuwa anashona tundu la hema walipomletea habari.

Mkewe, Rashidan, alimtazama. "Baba Nasreen," alisema, "sasa utakuwa unakodisha nini, serikali?"

Ofisi ilikuwa na vyumba viwili, katibu mmoja, feni iliyozunguka umeme ulipotaka, na kiti kilichotandikwa taulo jeupe mgongoni, ili mtu ajue kwamba anayekikalia ni mkubwa. Baraza liliandikisha vizazi, vifo, ndoa na talaka. Fedha iliyokuja ilitosha mshahara wa katibu, wa mfagiaji, na wino wa muhuri. Mengine yote, barabara, transfoma, mabomba, yalitoka kwa mbunge, Mian Tajammul, au Mian Sahib kama wote walivyomwita, ambaye alikuwa na shamba kubwa la miwa upande wa mfereji wa umwagiliaji na nyumba mbili kule Islamabad. Kwa sheria, mitaro ya maji machafu ilikuwa kazi ya baraza. Kwa hiyo mtaro ukiziba, watu walikuja kwa mwenyekiti. Ukizibuliwa, walikwenda kumshukuru mbunge.

Ulioziba sana ulikuwa wa kichochoro cha Wafinyanzi. Trela la miwa lilikuwa limeuvunja, na tangu siku hiyo maji meusi yalisimama pale kama mgeni asiye na kwao. Waliokaa mle walitupa matofali wakawa wanayarukia. Chini kabisa, mahali maji yote yalipokomea, aliishi Bibi Bhagan, mjane mwenye ulimi uliobaki na meno yake yote.

Alikuja ofisini mara kwa mara na kiatu kilicholowa.

"Mwenyekiti, nimekuletea maji ya mtaani kwako uyaone," alisema, akakikung'uta kiatu juu ya zulia.

"Bibi, nimeshaandika barua."

"Umeandika. Basi nikifika kwenye dimbwi nitasimama niisome."

Khushi Muhammad alivaa kilemba safi akaenda kwa mbunge. Mian Sahib alikuwa amekaa katika ukumbi wake wa wageni, amezungukwa na watu wenye shida, na pembeni amesimama msaidizi wake, Fayyaz, kijana mwenye simu tatu na uso wa kusikitika uliomfaa kila mtu.

"Mtaro?" alisema Mian Sahib. "Mtaro ni kazi ya baraza, Khushi Muhammad. Sheria ndivyo inavyosema."

"Basi baraza lipewe fedha, Mian Sahib."

"Fedha za maendeleo zinapitia kwa mbunge."

"Basi mbunge azipitishe mtaroni."

"Niingilie kazi ya baraza? Kesho watu watasema namdharau mwenyekiti wao." Aliisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemlinda rafiki. Kisha akamtazama yule mwenye mahema kana kwamba ndiyo kwanza amemwona. "Hivi wewe si uko kwenye kila msiba?"

"Karibu kila msiba, Mian Sahib."

Mbunge aliwatoa watu wengine ukumbini, akasogeza karibu kitanda cha kamba alichokikalia. Uchaguzi uliopita, alisema, nusura aupoteze, na si kwa sababu ya barabara wala umeme. Alikosa matanga ya mzee mmoja tu, kizee cha watu, na ukoo mzima ukampigia kura adui yake. Sasa yeye afanye nini? Akiwa bungeni, huku watu wanakufa. Akija huku, bunge linakaa. "Wewe tayari uko pale. Kazi yako ni kusema tu kwamba Mian Sahib ameumia, ametuma mkono wa pole. Uinue mikono kwa niaba yangu. Hilo la mtaro tutalitazama."

Waswahili husema asiyekuwepo na lake halipo. Mian Sahib alikuwa amepata njia ya kutokuwepo na lake likawepo.

Mara ya kwanza ulimi ulimwia mzito. Ilikuwa ni kwenye matanga ya Barkat, mfuga njiwa, na aliyepokea pole alikuwa kaka yake, Mzee Sadiq, mkamua mafuta. Khushi Muhammad alisema, "Mian Sahib ametuma pole. Ameumia sana." Maneno yale yalikaa pale kwenye zulia kama sahani tupu. Mzee Sadiq aliendelea kumtazama, akingoja, kwa sababu mtu aliyeumia sana huwa na neno zaidi ya hilo.

"Anasema hatasahau njiwa wa marehemu," Khushi Muhammad akaongeza. "Utotoni alikuwa akipanda juu ya paa jioni, awatazame wakirudi, mpaka mama yake amwite mara ya tatu."

Mzee Sadiq aliinamisha kichwa akalia. Wanaume wote pale walitikisa vichwa. Nani angedhani kwamba mtu mkubwa kama yule amebeba njiwa wa Barkat moyoni miaka yote hii?

Mtoto wa juu ya paa alikuwa Khushi Muhammad mwenyewe. Lakini alipoona faraja ile usoni mwa mzee, hakuona ubaya wake. Alikuwa amemkopesha mbunge huzuni kidogo, na yeye huzuni alikuwa nayo ya kutosha.

Basi ikawa ndiyo kazi. Popote alipokwenda na mahema yake alikwenda pia na Mian Sahib. Mian Sahib alikumbuka jinsi marehemu huyu alivyompa muwa ulioibwa. Mian Sahib hakusahau kwamba marehemu yule alimtoa kisimani. Mian Sahib alisema hakuna aliyejua kusimulia habari za ule mwaka wa mafuriko kama hayati mama yenu. Kijiji kizima kikagundua kwamba mbunge wake alikulia humo humo vichochoroni, bila viatu, akila kwa kila mtu, ingawa wote walijua alisoma shule ya bweni kule Lahore na likizo alikwenda milimani.

Siku moja, kwenye kiwanda cha sukari, Mzee Sadiq alimshika mbunge mkono, akasema tu, "Njiwa." Mian Sahib, ambaye hakuwa mjinga, aliuweka mkono wa pili juu ya ule wa mzee. "Ndege wazuri sana," alisema. Walipoingia garini akamuuliza Fayyaz, "Njiwa gani?"

Lakini alifurahi. Yeye mwenyewe alimpigia simu mwenyekiti, akamuuliza kijiji kinataka nini, aseme tu.

"Mtaro wa kichochoro cha Wafinyanzi, Mian Sahib."

"Andika hapo, Fayyaz."

Kilichokuja ni lami. Greda lilikuja, wakaja watu wenye vizibao vya rangi, na kabla ya mavuno kwisha kulikuwa na barabara nyeusi, laini, kutoka barabara kuu mpaka makaburini, na mwanzoni mwake jiwe la marumaru lenye jina la Mian Tajammul. Fayyaz alieleza kwamba siku Mian Sahib atakapopata nafasi ya kuja kuzika, gari lisinase. Kwa hiyo wafu wa Kot Barkhurdar wakawa wanapita juu ya lami, na walio hai wakaendelea kuruka matofali.

"Wamenifikiria mimi," alisema Bibi Bhagan alipoiona. "Wanajua nitaitumia karibuni."

Baraza halikukutana tena. Mwenyekiti alikuwa matangani, na madiwani, walipoona mwenyekiti wao anapata lami kwa kulia, kila mmoja akatafuta njia yake ya kufika kwenye ukumbi wa Mian Sahib. Mmoja alimpelekea maembe. Mwingine alimpa mwanawe jina la Tajammul. Katibu alifungua ofisi asubuhi, akapangusa kiti chenye taulo, akakitazama, akafunga.

Ukaja ukungu wa baridi, ule ambao mtu ananyoosha mkono na hauoni mwisho wake. Asubuhi moja Bibi Bhagan alikwenda kuchukua maziwa, akakanyaga tofali ambalo halikuwepo, akavunjika nyonga. Walimlaza hospitali ya wilaya, wakamrudisha, wakamlaza kitandani kwake mahali ambapo maji yalisikika yakitembea chini ya kizingiti. Hakudumu. Mwanawe, Mushtaq, ambaye alikuwa akibeba matofali kwenye tanuri la mbali, alimkuta bado ana fahamu na bado anatukana.

Kipaza sauti cha msikiti kilipotangaza kifo, Fayyaz alikuwa wa kwanza kupiga simu.

"Mwenyekiti, Mian Sahib amehuzunika mno. Nani amekufa?"

Khushi Muhammad alipakia mazulia kwenye mkokoteni. Rashidan alisimama mlangoni, mikono ina unga.

"Baba Nasreen, leo unakwenda kama nani? Kama mwenye mahema, kama mwenyekiti, au kama Mian Sahib?"

"Sijui."

"Basi jua kabla hujafika. Kule ni tope, hutapata mahali pa kusimama ufikirie."

Mazulia hayakuweza kutandikwa kichochoroni, kwa sababu ya maji, wakayatandika uwanjani kwa jirani. Watu walijaa. Khushi Muhammad aliketi mbele ya Mushtaq, wakainua mikono, wakaipangusa usoni. Kisha ikawa kimya, na kimya kile alikijua. Walikuwa wanangoja. Walishazoea.

"Mian Sahib hajatuma neno?" aliuliza Mushtaq. Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa mtu wa matofali, mikono imepasuka, na aliuliza kama mtu anayetaka mama yake apate alichopata kila mtu.

Neno lilikuwepo. Khushi Muhammad alikuwa amelipanga njiani, bila hata kutaka, kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani. Mian Sahib hatasahau mkate wa figili wa Bibi Bhagan. Akitoka shule alikuwa akipita kwake, naye alimkatia nusu ya mkate wa moto na kumwambia ale upesi kabla wanawe halisi hawajamwona. Lilikuwa neno zuri kuliko yote aliyowahi kuyatoa. Alifungua mdomo akagundua kwamba hawezi kulitoa. Mengine yote alikwisha kumkopesha yule bwana. Mkate ule hakuwa tayari.

"Hajatuma neno," alisema. "Hamjui mama yako, Mushtaq. Msaidizi wake ameniuliza nani amekufa. Mimi ndiye namjua. Alikuwa akinipa mkate wa figili nikitoka shule. Na ule mtaro ulikuwa wangu, wa baraza, na mimi ndiye mwenyekiti, na sikuutengeneza. Nilikuwa matangani."

Mushtaq alitazama chini. Aliposema, alisema tu, "Alikuwa anatia chumvi nyingi," na Khushi Muhammad akasema ndiyo, alikuwa anatia nyingi.

Lakini upande wa pili wa zulia Mzee Sadiq alikuwa ameweka chini kikombe chake.

"Na njiwa?" aliuliza.

"Njiwa ni mimi, mzee."

"Ni wewe uliyekuwa juu ya paa."

"Ni mimi."

"Mimi nimewasimulia watu mpaka kule mjini Sahiwal," alisema mzee. "Nimekwenda kwa binti yangu nikasimulia. Ungeniachia tu, Khushi Muhammad. Uongo ule ungekupunguzia nini?" Akainuka, akavaa viatu vyake, akaondoka.

Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kinahesabu upya. Muwa ulioibwa, kisima, mwaka wa mafuriko. Kila nyumba ilikuwa na neno la Mian Sahib ambalo ilikuwa imelitunza, na kila nyumba ililitoa ikalikuta la bandia. Ungedhani watamkasirikia mbunge. Wachache walimkasirikia, lakini mbunge alikuwa mbali, na hasira ni mvivu wa kutembea. Khushi Muhammad alikuwa karibu. Wakasema amewachezea wafu wao. Harusi mbili zilikodi mahema kutoka kijiji cha pili, mahema mabovu, na ilinyesha.

Mian Sahib, aliposikia, hakumlaumu mtu. Alifanya alilopaswa kufanya tangu mwanzo: alikuja mwenyewe. Alifunga safari kila mahali palipokuwa na msiba, gari likiteleza juu ya lami yake, na Fayyaz akimnong'oneza majina kwa nyuma. Matanga ya kwanza alimpa pole mpishi. Matanga ya pili alimshika mkono mtu aliyefiwa na mke, akamwambia ajikaze, baba ni mmoja tu, naye baba mwenyewe alikuwa amekaa pale pale akimimina chai. Kwingine alitoa dua fupi, akatazama saa, akauliza kama kuna shida yoyote hapa kijijini, na mtu akamtajia mtaro, naye akasema kwa upole kwamba huo ni wa baraza.

"Khushi Muhammad alikuwa Mian Sahib mzuri kuliko wewe," kizee mmoja alimwambia usoni. Waliokuwepo wanaapa kwamba Mian Sahib aliitikia kwa kichwa.

Na huko bungeni alikokuwa hayupo, hakuna aliyeuliza alipo.

Baada ya hapo likaja jambo ambalo Khushi Muhammad hakulitafuta. Alikuwa kwa kinyozi, povu usoni, televisheni ikiwaka, aliposikia kwamba wakubwa wa jimbo kule Lahore wameyavunja mabaraza yote ya kata, muhula ukiwa bado haujaisha. Yamekuwa mzigo, walisema, hayana kazi yanayoifanya. Kinyozi alisimamisha wembe akamtazama kwenye kioo.

"Nikunyoe kama nani sasa?"

"Endelea tu. Ndevu hazijavunjwa."

Alipokwenda ofisini kuaga, taulo la kiti lilikuwa limeshaondoka na katibu.

Akarudi kwenye mahema yake. Watu nao wakarudi polepole, kwa kuwa mvua ni mvua. Alikaa matangani akainua mikono kwa niaba ya mtu mmoja tu, na hakusema zaidi ya alichokijua juu ya marehemu. Walimsikiliza kuliko zamani, kwa namna ya kumwekea jicho.

Uchaguzi mkuu ulipokaribia, Fayyaz alikuja na sanduku la peremende za maziwa. Aliketi kwenye kitanda cha kamba, akasifu nyati, akasifu hali ya hewa, na ndani ya jiko Rashidan akaacha kukata vitunguu ili asikie vizuri.

"Mian Sahib anasema yaliyopita si ndwele, mjomba. Tugange yajayo."

"Mimi si mwenyekiti tena, mwanangu. Baraza hakuna."

"Nani anataka mwenyekiti? Mian Sahib anataka mtu wa matanga. Mwenyewe pole haimtoki. Juzi amempa mtu pongezi."

Khushi Muhammad alichukua peremende moja akaitafuna mpaka ikaisha. Alipokuwa na muhuri, taulo na katibu, alikuwa ameomba kama maskini mlangoni kwa tajiri. Sasa hakuwa na kitu, na mbunge alikuwa amekaa kwenye kitanda chake kwa mwili wa Fayyaz.

"Nitakwenda," alisema. "Ila kila msiba una bomba lake."

"Bomba?"

"Bomba la zege, lile nene. Kila matanga nitakayoketi kwa jina lake, bomba moja linalazwa kichochoro cha Wafinyanzi. Bomba kwanza, dua baadaye. Na sitasema neno ambalo hajalisema. Utampigia simu, aseme kitu chake mwenyewe, hata kikiwa kifupi."

"Na akikosa la kusema?"

"Nitasema amekosa la kusema, anawasalimu."

Fayyaz alicheka, akatoka nje kupiga simu, akarudi hacheki. Mian Sahib alikuwa amekubali. Bomba la zege, ukilinganisha na ukoo mzima, ni rahisi.

"Mke wangu shahidi," alisema Khushi Muhammad.

"Nimesikia," sauti ya Rashidan ilitoka jikoni. "Na peremende zenu zimeganda."

Hivyo ndivyo mtaro ulivyoanza. Kipaza sauti kilitangaza, simu ilipigwa, trekta ilileta bomba, mafundi wakalilaza, kisha Khushi Muhammad akavaa viatu akaenda kuhani. "Mian Sahib anasema: pole," aliwaambia. Wakati mwingine: "Mian Sahib anasema ni mapenzi ya Mungu." Mara moja, baada ya kufa mtu aliyekuwa hodari wa mieleka: "Mian Sahib anasema hakumjua, lakini ameambiwa alikuwa na nguvu." Watu walilipenda hilo. Angalau ni la kwake mwenyewe, walisema.

Ukungu uliporudi, wazee walikufa kama kawaida ya baridi, na mtaro ukaenda vizuri. Alfajiri moja Khushi Muhammad alisikia kipaza sauti kikikohoa kabla ya kutangaza, na kabla hajasikia jina akajikuta amefurahia bomba. Aliketi kitandani kwa aibu. Akamwambia mkewe.

Rashidan aligeukia upande wa pili wa mto. "Tubu," alisema. "Kisha ukalipokee, mafundi wanaiba saruji."

Mian Sahib alishinda uchaguzi kwa kura nyingi, na mabomba yakakoma siku ya pili yake. Ulikuwa umebaki upana wa zizi la nyati tu kufika bwawa la kijiji, ambako mtaro ulipaswa kumwaga maji. Wanaume wa kichochoro walisimama pale mtaro ulipokatikia, wakatazama bwawa, wakatazama bomba la mwisho likitemea maji njiani. Mzee Sadiq, aliyekuwa anapita na mkebe wa mafuta, alikohoa. Wote wakageuka.

"Msinitazame mimi," alisema. "Chukueni sepetu."

Mushtaq alileta tripu mbili za matofali yaliyoungua vibaya, yale ambayo tanuri haliuzi. Walichimba wenyewe, na Mzee Sadiq akasimamia kazi asiyoijua. Alisimama karibu na Khushi Muhammad mchana kutwa bila kumsemesha, mpaka jua lilipogeuka, ndipo akauliza, "Paa lile lilikuwa la nani?"

"La kwetu, mzee. Mtini ulikuwa karibu, nikipandia hapo."

"Basi mama yako ndiye alikuwa anaita kwa nguvu vile. Barkat alikuwa anasema anawatisha njiwa wake." Akarudi kuwakosoa wachimbaji.

Maji yalipita. Polepole, na yakibeba kila kitu, lakini yalipita. Jiwe la marumaru lilikuja baada ya wiki chache, likawekwa kwenye ukuta wa nyumba ya Bibi Bhagan kwa kuwa ndio uliokuwa umesimama wima. Lilisema kwamba mtaro huu umejengwa kwa juhudi za mheshimiwa mbunge, Mian Tajammul, kwa ushirikiano na baraza la kata la Kot Barkhurdar.

Mushtaq, ambaye hakujua kusoma, alimwita Khushi Muhammad amsomee. Alimsomea.

"Baraza si lilivunjwa?"

"Lilivunjwa."

"Sasa aliyeshirikiana naye nani?"

Khushi Muhammad alilitazama jiwe, kisha akatazama njia kavu iliyoshuka mpaka mlangoni, ambako mke wa Mushtaq alikuwa anamwaga maji ya vyombo bila hata kuangalia yanakokwenda. "Waulize marehemu," alisema, akaenda kupakia mazulia. Kulikuwa na harusi upande wa pili wa kijiji, na walikuwa wamelipia mahema mapema.